Kuku wa Darasa la Tano

"Watoto hawa wamelala chumba kimoja na kuku tangu wazaliwe. Wewe unataka kuwafundisha nini kuhusu kifaranga?"

Aliyeuliza ni mwalimu mwenzangu, ofisini, saa ya chai, nilipowaambia kwamba nataka kutotolesha mayai ndani ya darasa la tano. Wenzangu walicheka. Nilicheka pia, maana swali lilikuwa la haki kabisa. Shule yetu iko nje kidogo ya mji wa Singida, na kuku wa Singida wanajulikana hadi Dar es Salaam, ambako hufika wamejazana kwenye matenga juu ya malori. Huku kwetu kuku ni akiba, ni mboga ya mgeni, ni sare ya mtoto, ni faini ya mjomba. Mtoto anafungulia kuku alfajiri na kuwafungia magharibi kabla hajajua kuandika jina lake.

Basi nikaingia darasani kupima. "Kuku anaatamia siku ngapi?" Wakajibu wote kwa sauti ile ile wanayoimbia jedwali la kuzidisha: "Ishirini na mojaaa!" Nikauliza tena: "Ndani ya siku hizo, humo kwenye yai kunatokea nini?" Kimya. Mmoja akajaribu: "Kiini kinageuka kifaranga." Vichwa vikaitikia. Hata mimi niliambiwa hivyo nilipokuwa na umri wao, na si kweli. Kifaranga huanza na kidoa cheupe juu ya kiini, halafu hukitumia kile kiini kuwa chakula chake hadi siku ya mwisho. Darasa lina wanafunzi zaidi ya sitini, na hakuna aliyewahi kuona. Mama kuku hukalia siri yake, na ukimwinua anakudonoa.

Mimi mwenyewe nilisoma shule yenye banda la kuku. Yalikuwa mabaki ya Elimu ya Kujitegemea, ile sera ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1967 iliyotaka shule ziwe na mashamba na miradi yake. Tulifagia banda, tukachota maji, tukabeba mbolea kwenda bustanini. Mayai tuliyaokota na kuyapeleka ofisini, na safari yao kutoka hapo haikutuhusu. Kazi tulijifunza. Kuku hatukujifunza. Sikumbuki siku mwalimu aliinua yai mbele yetu akauliza humu kuna nini. Ndiyo maana nilikuwa na hamu ya jambo hili kuliko lilivyostahili kwenye andalio la somo.

Mashine ya kutotolesha haikununuliwa dukani. Fundi redio wa mtaani aliiunda kwa mabaki: sanduku la plaiwudi, feni iliyotolewa kwenye kompyuta mbovu, themostati ndogo ya kidijitali, bakuli la maji, na balbu. Balbu ndiyo iliyotuhangaisha. Maduka sasa yanauza za LED, ambazo hazitoi joto la maana. Tuliyoitaka ni ile ya zamani yenye waya ndani, ambayo sehemu kubwa ya umeme wake hupotea kuwa joto, na sisi tulikuwa tunautafuta huo upotevu. Nilizipata kwa mzee mmoja sokoni, aliyeniuliza kama nyumbani kwangu tunaona giza kiasi hicho. Somo la nishati kwenye azimio la kazi lilikuwa bado wiki kadhaa. Nikalifundisha siku hiyo hiyo.

Mayai yaliletwa na watoto. Niliwapa masharti: yasizidi wiki moja tangu yatagwe, yasioshwe, yasiwe na ufa, na yatoke nyumba yenye jogoo. Sharti hili la mwisho lilifungua mjadala ambao sikuuandalia maneno. Mtoto mmoja aliuliza kama yai la dukani, la kuku wa kisasa, linaweza kuanguliwa. Hapana, nikasema, kwa sababu kuku wale wa mayai hufugwa bila jogoo, na kuku hutaga hata kama hajapandwa. "Sasa jogoo anafanya nini?" Darasa likaangua kicheko, nyuma wakapigana viwiko. Nikaeleza kwa maneno ya kawaida, bila kupepesa macho, na kicheko kikaisha chenyewe. Watoto wa wafugaji hawahitaji kufichwa mambo hayo. Wanahitaji mtu mzima asiyeona aibu kuyasema.

Tukaandika namba juu ya kila yai, kwa penseli. Majina nilikataa. Mtoto ambaye yai lake lingekuwa bovu angeitwa viza mpaka amalize darasa la saba. Upande mmoja tukachora msalaba na upande wa pili duara, ili anayegeuza ajue amefikia wapi. Mayai hugeuzwa angalau mara tatu kwa siku, mpaka siku ya kumi na nane. Yakilala upande mmoja muda wote, kiumbe hugandamana na ngozi ya ndani na kufa. Joto tuliliweka nyuzi 37.5, na maji kwenye bakuli yalikuwa ya kulinda unyevu.

Tulikuwa tumeshapanga zamu za kugeuza mayai pale msichana mmoja aliponyoosha mkono. Ni yule anayechelewa mara kwa mara kwa sababu ndiye anayefungulia kuku kwa bibi yake. "Mwalimu, mashine hii itashindwa na kuku." Wavulana wakamzomea. Nikamuuliza tutajuaje. Akajibu, na hii ndiyo sentensi iliyobadilisha mradi wote: "Tuweke na kuku."

Bibi yake alikuwa na koo aliyekuwa ameanza kuatamia siku ile ile. Msichana alinieleza kwamba kuku wa namna hiyo hahamishwi mchana, atakiacha kiota. Anahamishwa usiku, taratibu, na kufunikwa kwa tenga mpaka azoee. Nilifika kwa bibi jioni, nikatoa shikamoo, nikaeleza haja yangu. Bibi alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Mwalimu, serikali imekosa vitabu hadi mje kuazima kuku?" Alinipa kuku wake kwa masharti makali kuliko ya kukopa fedha. Akanipa na majivu ya kutandika kwenye kiota ili kuzuia utitiri.

Mayai ishirini yakaingia kwenye mashine, kumi yakaenda chini ya kuku, kwenye kona ya nyuma ya darasa. Kwa wiki tatu nilifundisha Hisabati na Kiswahili huku kuku akinitazama. Nakiri sijawahi kupata darasa tulivu kama lile. Anayepiga kelele hakuonywa na mimi. Alionywa na wenzake, maana kuku akishtuka atavunja mayai.

Siku ya saba tulipima. Stoo ya shule haina dirisha. Tuliingia kwa makundi, tukafunga mlango, nikaweka tochi ya simu chini ya boksi la viatu lenye tundu dogo, na yai juu ya tundu. Kwa walioona mara ya kwanza, ganda linapotea. Unabaki na mwanga wa rangi ya machungwa, na ndani yake mishipa myekundu imetawanyika kama mizizi ya mche uliong'olewa, na katikati yake doa jeusi ambalo ni jicho. Halafu lile doa likajitikisa. Kundi zima lilirudi nyuma kwa mpigo mmoja, mtoto mmoja akanikanyaga.

Baadhi ya mayai yalikuwa meupe tu, hayana kitu. Mengine yalikuwa na kivuli ambacho sikukielewa. "Mwalimu, hili limo au halimo?" Nikasema sijui. Wakanitazama kama niliyetania. Wakauliza tena, nikarudia. Mtoto wa darasa la tano katika shule zetu ameshajibu mamia ya maswali ya kuchagua A hadi E, na katika yote hayo jibu lipo tayari, limefichwa kwa mwalimu. Kazi yake ni kulikisia au kulikumbuka. Hapa palikuwa na swali ambalo jibu lake halikuwa kwa mwalimu, wala kwenye kitabu, wala kwa mwalimu mkuu. Lilikuwa ndani ya ganda namba 14, na lilikuwa bado linatengenezwa. Nikawaambia waandike wanachokiona, na siyo wanachodhani nataka kusikia. Ukurasa ule wa kwanza wa daftari la mradi una majibu matano tofauti kuhusu yai moja. Sikusahihisha hata moja kwa kalamu nyekundu.

Niliwasimulia kwamba zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, Mgiriki aliyeitwa Aristotle alieleza jinsi yai linavyobadilika siku hadi siku, kutokana na mayai yaliyovunjwa kwa zamu, na akaandika kwamba siku ya tatu moyo huonekana kama tone la damu linalopigapiga. Mvulana mmoja akapendekeza nasi tuvunje moja kila siku. Hoja ilipigiwa kura na kuangushwa, wapingaji wakiongozwa na wale waliojua namba za mayai yao. Niliwasimulia pia kuhusu Misri, ambako tangu zamani watu hutotolesha mayai kwa maelfu kwenye matanuru ya matofali ya udongo, bila kipimajoto. Mtaalamu hulibandika yai kwenye kope la jicho na kujua kama joto limezidi. Kesho yake nikakuta nusu ya darasa wana masizi na vumbi usoni, kila mmoja amebandika kitu cha moto au baridi kwenye kope.

Umeme ulikatika, kama ilivyotarajiwa. Mara nyingi ulirudi baada ya muda mfupi, ila usiku mmoja ulikatika kwa saa nyingi, na Singida mwezi wa saba usiku una upepo unaopenya mpaka kwenye mifupa. Sikuwa shuleni. Yaliyotokea niliyakuta asubuhi yameandikwa kwenye daftari la mradi kwa mwandiko wa mlinzi: "Saa 5 usiku. Umeme umekatika. Nimefunika kwa koti. Saa 7. Nimeweka chupa mbili za maji ya moto. Saa 9. Maji yamepoa, nimebadili. Kuku yeye yuko sawa." Nimesoma taarifa nyingi za kitaalamu zisizo na nusu ya ubora ule. Na mlinzi alifanya sahihi: yai linavumilia kupoa kwa saa chache kuliko linavyovumilia kuungua. Themostati ikigoma na joto likapita nyuzi 40 kwa muda, hapo huna mradi tena. Hata kuku mwenyewe huyaacha mayai yake karibu kila siku, akaenda kula, kunywa na kujisaidia, akarudi baada ya dakika kumi au ishirini. Watoto walimpigia hesabu ya saa kwa wivu, wakidhani ametutelekeza.

Tulipanga vifaranga waanguliwe Jumatatu, saa za masomo. Wao walianza Jumapili. Mlinzi alipiga simu kwamba mashine inalia. Nilipofika, nyuma yangu walikuja watoto waliotoka kanisani, na wengine wasio na kanisa siku hiyo, wamevaa nguo za kutokea. Sauti ilitoka ndani ya mayai ambayo bado yalikuwa mazima. Kifaranga hutoboa kwanza ngozi ya ndani, kwenye ile nafasi yenye hewa upande butu wa yai, na huko huanza kupumua na kulia kabla hajavunja ganda. Kisha kwa kijino kigumu kilichoota juu ya mdomo wake anatoboa tundu, anapumzika, na anaweza kupumzika hivyo saa nyingi, hata siku nzima.

Mapumziko hayo ndiyo yaliyotugombanisha. Namba 9 alitoboa asubuhi, na hadi alasiri hakuwa ameongeza hata ufa mmoja. Watoto wakataka nimsaidie. Kitabu kinasema usiguse, kwa sababu wakati huo anamalizia kuvuta mabaki ya kiini tumboni na damu iliyoko kwenye mishipa ya ganda. Ukimbandua mapema anavuja damu. Bibi, ambaye naye alikuwa amekuja kumwangalia kuku wake, alisema vitabu havijawahi kuangua yai, na kwamba ngozi ikikauka kifaranga anabanwa. Ipakwe maji ya uvuguvugu kwa kidole. Wote wawili walikuwa na ukweli. Tulichofanya ni kuongeza maji kwenye bakuli na kufunga mlango wa mashine, uliokuwa ukifunguliwa kila dakika na watu wenye huruma, unyevu wote ukitoka nje. Namba 9 alitoka usiku. Namba 3 hakutoka.

Chini ya kuku hakukuwa na mjadala. Alikaa, alinung'unika kwa sauti ya chini, na Jumatatu asubuhi vichwa vilikuwa vikichungulia kwenye mbawa.

Hesabu ikaja. Mashine: kumi na wawili kati ya mayai ishirini. Kuku: tisa kati ya kumi. Asilimia 60 dhidi ya 90, na msichana wetu akasimama akiwa na haki ya kutabasamu. Upande wa mashine ukakata rufaa. Mayai manne yalikuwa hayana kitu tangu siku ya saba, wakasema, hilo ni kosa la jogoo. Tuyaondoe, basi ni kumi na wawili kati ya kumi na sita, asilimia 75. Ni hoja ya kweli, na wenye viwanda vya vifaranga hutenganisha mambo hayo mawili kila siku. Ila msichana hakuwa amelala. "Na lile moja la kuku lililokosa kifaranga, nalo lilikuwa halina kitu. Liondoeni." Tisa kati ya tisa. Nimefundisha asilimia miaka mingi kwa mifano ya machungwa na riba ya benki, na sijawahi kuona mtoto akizipigania namna ile.

Yaliyobaki tuliyapasua nje, upande wa upepo. Harufu iliwafukuza wadadisi wengi, wakabaki wachache wenye moyo. Moja lilikuwa na kifaranga aliyekamilika mpaka manyoya na kucha, kichwa kikiwa upande mwembamba wa yai, mbali na hewa. Walimchora. Hakuna aliyelia na hakuna aliyecheza naye. Walimfukia karibu na mgomba, kwa hiari yao.

Wenye hofu kwamba somo la namna hii ni ukatili nawaelewa. Katika nchi kama Uingereza kuna shule zinazokodi mashine na mayai, na watetezi wa wanyama huuliza vifaranga wanakwenda wapi baadaye, hasa majogoo ambao hawana mtu wa kuwataka. Shida yetu ilikuwa kinyume. Walikuwa wanatakiwa na kila mtu. Kifaranga hutoka na akiba ya kiini tumboni inayomtosha siku mbili hivi bila kula, na kabla akiba hiyo haijaisha tayari nilikuwa na maombi ya wazazi, ya walimu, na ya yule mwenzangu wa saa ya chai.

Msichana alishauri tuwatie vifaranga wa mashine chini ya kuku usiku, asijue. Tulimpa sita, alfajiri akawa anawaita wote kwa sauti moja. Wengine walibaki kwenye boksi chini ya balbu, na watoto wakajifunza kusoma joto bila kipimajoto: wakirundikana chini ya taa wana baridi, wakikimbilia kingo za boksi wana joto, wakitawanyika na kulala ovyo wako sawa. Bwana mifugo alikuja na chanjo ya mdondo, tone moja jichoni kwa kila mmoja. Watoto wakaenda kusimulia makwao, na kuna nyumba ambazo kuku walikuwa wakifa wote kila kiangazi ambazo ziliomba tone hilo. Katika mradi mzima hilo ndilo ninalolithamini zaidi, kuliko hata vifaranga wenyewe.

Kuna methali wanaijua wote: kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, akiangua halei, akilea huchukuliwa na mwewe. Vifaranga walipoanza kutolewa nje, mwewe alikuja kweli akabeba mmoja, wakati wa mapumziko ya saa nne. Mvulana mmoja akatangaza kwamba methali imeshindwa mara tatu ikashinda mara moja, yaani asilimia 25. Kosa la hesabu hapo sikuliona.

Mgawo uliamuliwa na darasa lenyewe baada ya mabishano marefu. Bibi alirudishiwa kuku wake pamoja na vifaranga watatu aliojichagulia, na alichagua kwa kuwatazama miguu. Waliobaki wakawa wa shule, wakitunzwa majumbani kwa utaratibu kwamba mtembe akikua na kuangua, nyumba iliyomtunza inabaki na kuku na kurudisha watoto wawili kwa darasa linalofuata.

Darasa la tano la sasa limekataa kurudia mayai ya kuku. Wanataka bata, hawa wetu wenye nyama nyekundu usoni, ambao mayai yao huchukua siku 35 na hivyo kuomba ulinzi wa usiku mrefu zaidi. Mlinzi amedai koti la pili. Kuna wanaotaka mayai yote yaende chini ya kuku, kwa kuwa mashine ilishashindwa, na kuna wanaosema kuku atachoka siku ya ishirini na moja akaondoka. Wakamtuma mjumbe kwa bibi. Jibu lilirudi kwamba kuku wake aliwahi kuangua bata bila tatizo lolote, na kwamba tatizo huanza siku watoto wanapoona dimbwi wakaingia, mama akabaki ukingoni anapiga kelele kama mwenye msiba. Sasa tunatafuta beseni.